Huyu ni wa Nani?

Ingia ofisi ya serikali popote Tanzania, iwe wizarani Dodoma au kwa mtendaji wa kata huko Kinyangiri, na ukutani utakuta sura mbili: ya Mwalimu Nyerere na ya rais aliyepo madarakani. Hazikutundikwa kwa ajili ya mapambo. Mwananchi aliyekamatwa na magunia ya mkaa anajieleza huku sura hizo zikimtazama. Mgogoro wa malisho unasikilizwa chini yake, na kikao cha kamati ya mazingira kinafunguliwa na kufungwa chini yake. Siku hizi wasanii na mashirika mengi hupenda kutumia picha za sura za watu ili kuhamasisha jamii itunze mazingira, na husema habari hiyo kana kwamba ukuta ulikuwa mtupu ukiwasubiri wao. Haukuwa mtupu. Katika sehemu hii ya nchi sura za watu na habari za ardhi zimefungamana kwa zaidi ya miaka mia moja, na si mara zote kwa heri.

Wazo lenyewe silidharau. Robert Shetterly, mchoraji wa jimbo la Maine huko Marekani, alianza mwaka 2002 kuchora sura za Wamarekani anaoona wamesema kweli mbele ya wenye nguvu, na ndani ya kila picha huandika maneno ya mtu mwenyewe. Alikusudia kuchora 50. Sasa zimepita 200, na wamo watetezi wa mazingira kama Rachel Carson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kiliwaamsha Wamarekani juu ya madhara ya viuatilifu. Picha hizo huzungushwa shuleni na maktabani. Mtoto anasimama mbele ya uso wa mtu, anasoma maneno yake, anauliza alifanya nini. Hapo mazungumzo yameanza.

Je, jambo kama hilo lingefaa Kinyangiri? Kata hii imo wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na kuwekwa makao yake Nduguti. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na msimu ukiharibika hakuna wa pili wa kuurekebisha. Watu wanalima mtama, uwele, mahindi na alizeti, wanafuga ng'ombe na mbuzi. Miti inapungua kwa sababu ambazo hakuna asiyezijua: kuni, mkaa, mashamba mapya. Mtu yeyote akija na rangi na brashi kutuhamasisha, hatatuambia jambo tusilolijua. Kwa hiyo swali langu si kama picha inaweza kutoa habari. Ninachouliza ni sura ya nani itamfanya mtu wa Kinyangiri ajione anadaiwa kitu na ardhi yake, na historia ina mengi ya kusema juu ya hilo.

Nianze na picha za kale kabisa, nipite haraka. Kusini-mashariki mwetu, katika miamba ya Kondoa iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, wako watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, warefu, wembamba, wenye vichwa vya ajabu kama vimevikwa mapambo au nywele zilizotunishwa. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akizinakili picha hizo moja moja. Twiga, tembo na pofu unawatambua mara moja, lakini watu kwa kawaida hawana macho wala pua wala mdomo. Sitajifanya kujua kwa nini. Natazama tu kwamba mchoraji yule, aliyeweza kumchora mnyama hata ukamjua, hakuona haja ya kuuchora uso wa mtu. Pengine wote waliotazama ule mwamba walikuwa wanajuana.

Sura zenye macho na pua zililetwa na kamera, na kamera ilikuja na utawala. Mkalama palikuwa na boma la Wajerumani, na kutoka hapo wasafiri wao walishuka kuelekea ziwa Eyasi. Mwanajiografia Erich Obst alichapisha Hamburg mwaka 1912 makala ambayo kichwa chake kinamaanisha "Kutoka Mkalama hadi nchi ya Wakindiga". Wakindiga ndilo jina walilopewa Wahadzabe na majirani zao. Baada yake alikuja Ludwig Kohl-Larsen, daktari na msafiri, mwanachama wa chama cha Nazi, ambaye alifanya safari mbili katika bonde la Eyasi na nchi ya Isanzu: ya kwanza mwaka 1934 hadi 1936, ya pili 1937 hadi 1939. Nchi wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, lakini wapo Wajerumani waliokuwa bado wanaota kurudishiwa koloni lao. Kohl-Larsen alichimba mifupa ya kale, alikusanya hadithi, alinakili michoro ya miambani na kuichapisha mwaka 1938. Alipiga picha watu.

Kazi yake ina thamani, na ningekuwa mnafiki kusema sijafaidika nayo. Zipo hadithi za Wahadzabe ambazo leo tunazo kwa sababu yeye aliziandika. Lakini tazama jinsi picha za sura zilivyotumika katika elimu ya aina hiyo wakati ule. Mtu alisimamishwa, akatazama mbele, kisha akageuzwa ubavu. Chini ya picha hakuandikwa jina lake, liliandikwa kabila lake, pengine na jinsia na umri wa kukisia. Uso wake ulikuwa sampuli, kama jani lililobanwa katikati ya karatasi. Na mara nyingi ardhi aliyosimama juu yake iliandikwa katika kitabu hicho hicho kama pori, kana kwamba haina mwenyewe. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja. Ukimnyima mtu jina, ni rahisi zaidi kuinyima nchi yake mwenyewe.

Nilimwonyesha bibi mmoja wa jirani picha za namna hiyo kwenye simu yangu. Nilitaka kusikia atasema nini juu ya miti inayoonekana nyuma ya watu, maana nyuma yao pori lilikuwa zito. Miti hakuitazama. Aliisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Nikamwambia sijui, bibi, hawakuandika. "Wa ukoo gani?" Sijui. "Sasa mjukuu wangu, kama hujui kwao, umemleta hapa afanye nini?"

Nadhani swali hilo lina uzito kuliko nadharia nyingi nilizosomeshwa kuhusu picha. Kwetu kumtambua mtu hakuishii kwenye sura. Unamtambua kwa kumweka mahali pake, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, wa kule ng'ambo ya korongo. Akishawekwa mahali pake ndipo unajua unamdai nini na yeye anakudai nini. Picha isiyojibu swali la "wa nani" haiwezi kumdai mtazamaji chochote. Inatazamwa, inasifiwa, inarudishwa mfukoni.

Na wapo watu wa wilaya yetu ambao walikuwa na njia yao ya kuiunganisha nafsi ya mtu na hali ya nchi, bila picha yoyote. Waisanzu wa Kirumi waliiweka mvua mikononi mwa viongozi wawili wa ukoo wa Anyampanda, mwanamume na mwanamke. Virginia Adam aliandika kuhusu ibada zao za mvua mwaka 1963, na Todd Sanders akaitolea kitabu kizima mwaka 2008. Wasomi hao walivutiwa hasa na uwili ule wa kike na kiume, kwamba mvua haiji kwa upande mmoja tu. Mimi kinachonivutia ni kitu cha kawaida zaidi. Mvua ilikuwa na watu wake, na watu hao walikuwa na nyumba, na njia ya kwenda kwenye nyumba hizo ilijulikana. Nchi ikikauka, watu walijua mlango wa kubisha. Kiongozi hakuweza kujificha nyuma ya ofisi. Waingereza walipofanya utawala wao kupitia machifu walimwongezea mmoja wao kazi ya kukusanya kodi, na uhuru ulipokuja uchifu ukafutwa na serikali mwaka 1963. Mvua haikufutwa, ibada ziliendelea. Ila tangu hapo mwenye kuulizwa habari za mazingira kwa njia rasmi amekuwa mtu mwingine, mwenye sura ukutani.

Sura hiyo ya ukutani ina historia yake na mazingira, na nyingi tumeibeba mifukoni bila kuitazama. Tanzania ilipotoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966, upande mmoja uliwekwa kichwa cha Nyerere. Upande wa pili wa senti 5 ulikuwa na samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 ilikuwa na sungura, na shilingi ilikuwa na mwenge. Mtoto aliyetumwa dukani kununua chumvi alikuwa ameshika kiongozi na mnyama katika kiganja kimoja. Sijui serikali gani ingeweza kubuni maonyesho ya sanaa yaliyofika vijiji vingi kuliko hayo. Mwaka 1974 zikatolewa sarafu nyingine, ndani ya mfululizo wa kimataifa wa kuchangia uhifadhi uliosimamiwa na mashirika ya WWF na IUCN: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru, na sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Hizo hazikufika dukani kwa kununulia chumvi. Zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo, wanaoziweka kwenye visanduku. Sura ya Mwalimu ilikwenda nazo.

Hapo sarafu inasema jambo ambalo hotuba hazisemi wazi. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Nyerere alitoa tamko mashuhuri Arusha la kuahidi kuwalinda wanyamapori. Tamko hilo linanukuliwa mpaka leo kwenye vitabu na vipeperushi vya utalii, na wanahistoria wameonyesha kwamba wahifadhi wa kigeni walikuwa na mkono katika kuliandika. Simlaumu Mwalimu. Nchi changa ilihitaji marafiki na fedha. Lakini tamko lile lilisemwa kwa sikio la nje, na sura yake ndiyo iliyolipa uzito. Miaka miwili kabla, filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilikuwa imetoka Ujerumani, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka ule ule wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Dunia iliwafahamu pundamilia wa pale kuliko ilivyowafahamu watu waliowaondoka.

Tazama noti zetu za sasa. Noti ya 1,000 ina Nyerere na ya 500 ilikuwa na Karume kabla haijawa sarafu. Kuanzia hapo kwenda juu, mahali pa sura panakaliwa na mnyama: simba kwenye 2,000, faru kwenye 5,000, tembo kwenye 10,000. Kadiri thamani inavyopanda ndivyo mtu anavyotoweka. Nimewahi kulisema hili kwa mzaha katika mjadala wa darasani, na mwenzetu mmoja kutoka Manyara, ambako tembo huingia mashambani, hakucheka.

Bila shaka sura ya mnyama nayo ina nguvu, na hakuna aliyeithibitisha kama Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Alifika Gombe, kando ya ziwa Tanganyika, Julai 1960. Desturi ya wataalamu ilikuwa kuwapa wanyama namba. Yeye akawapa sokwe majina, na aliyemkubali wa kwanza akamwita David Greybeard kwa sababu ya ndevu zake za kijivu. Mwaka 1962 akaletwa mpiga picha Hugo van Lawick, na Agosti 1963 jarida la National Geographic likachapisha sura za sokwe hao. Hebu linganisha na zile picha za Eyasi. Miaka ishirini na kitu baada ya watu wa bondeni kwetu kupigwa picha kama sampuli, sokwe wa Kigoma wanapigwa picha kama watu wenye jina, tabia, mama na ndugu. Msomaji wa Marekani aliweza kujibu swali la "wa nani" juu ya sokwe. Alijua Fifi ni mtoto wa Flo.

Na sura zile zilifanya kazi. Fedha zilikuja, utafiti ukaendelea, mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Lakini watazamaji walikuwa mbali. Waliokaa karibu, katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, hawakuwa wamechorwa na mtu yeyote, wala hizo picha hazikuwa zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall alipita juu ya eneo hilo kwa ndege ndogo, na akaona hifadhi imebaki kipande cha kijani katikati ya vilima vilivyokwisha miti. Watu walikuwa wengi, wengine ni wakimbizi wa vita vya nchi jirani, ardhi ilikuwa imechoka, miteremko inaporomoka. Miaka thelathini ya picha nzuri za sokwe haikuwa imezuia hata mti mmoja kukatwa nje ya mpaka.

Kilichofuata ndicho kinachonihusu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi ulioitwa TACARE, na kwa maelezo yao wenyewe ulianza kwa Watanzania kwenda vijijini kuuliza watu wanataka nini. Watu walitaka chakula zaidi, afya, elimu, mikopo midogo kwa wanawake. Vitalu vya miche, kuni za kupanda wenyewe na misitu ya hifadhi ya vijiji vilipata nafasi ndani ya mahitaji hayo. Miche ikaota kwenye vilima vile. Sokwe walinufaika mwishoni mwa mnyororo, baada ya watu kutazamwa usoni. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1991, Goodall alikuwa amekaa barazani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari, na kutoka hapo ikazaliwa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Nikitakiwa kusema lipi kati ya mambo yake liliwashirikisha Watanzania zaidi, nitataja lile baraza kabla ya picha zote za van Lawick.

Katikati ya Gombe na sisi kuna Shinyanga, na haki inataka niitaje, maana kule watu walirudisha miti bila picha ya mtu yeyote. Mradi wa HASHI, uliozinduliwa mwaka 1986, haukuleta jambo geni. Uliwapa Wasukuma nafasi ya kurudisha ngitili, maeneo yao ya kale ya kutunzia malisho, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe, familia au kijiji. Kinyume chake, Kondoa, mradi wa HADO ulioanza mwaka 1973 ulifikia mwaka 1979 kuwahamisha mifugo wote kutoka eneo lililomomonyoka. Udongo ulipona kiasi, lakini ng'ombe hawakuondoka kwa hiari ya wenyewe.

Jirani zetu wa kaskazini wana habari ya sura ambayo siwezi kuiacha. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akiwa na wanawake wa vijijini waliopanda miche na kulipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa Uhuru Park, Nairobi, na wabunge wakamkejeli. Januari 1999 alikwenda kupanda mti msitu wa Karura, ambao ulikuwa unagawiwa watu binafsi, na wahuni wakampiga hadi kumpasua kichwa. Alikwenda polisi kuandikisha mashtaka, na akaweka sahihi kwa damu yake mwenyewe. Picha zake za siku hizo, uso wenye jeraha na kitambaa kichwani, ziliizunguka dunia. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 sura yake ilianza kuchorwa kwenye kuta, kwenye vitabu vya watoto, kwenye fulana. Zile za baada ya tuzo ni nzuri, anatabasamu, amevaa kitenge cha rangi. Mimi naona nguvu imo katika zile za 1999. Pale Mkenya hakuombwa amsifu mtu. Alionyeshwa mtu wa kwao, mama mwenye umri wa kuheshimiwa, amepigwa kwa ajili ya msitu ambao na yeye mtazamaji anaupita akienda kazini. Karura ipo mpaka leo, na watu wa Nairobi wanakwenda kutembea huko Jumapili.

Wakenya hao hao, katika katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 231, wakapiga marufuku sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu za taifa. Walikuwa wamechoka kubadilishiwa uso wa rais mfukoni. Sarafu mpya za mwaka 2018 zikatoka na twiga, faru, simba na tembo. Noti zilipotoka mwaka 2019, watu waligundua kwamba sanamu ya Jomo Kenyatta iliyoko mbele ya jumba la KICC inaonekana pembeni ya jengo, na wakaenda mahakamani. Kesi ilishindwa. Nacheka kidogo nikilikumbuka, lakini wale walioshtaki walikuwa wanajua kitu: sura ikishakaa mahali, kuing'oa ni kazi.

Mfano unaokaribia zaidi swali langu ni wa Kibera, mwaka 2009. Msanii wa Kifaransa anayejiita JR alipiga picha nyuso na macho ya wanawake wa mtaa huo, akazichapa kwa ukubwa wa paa. Mapaa yenye jumla ya mita za mraba zipatazo 2,000 yalifunikwa. Nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni inayokatiza mtaa ule: macho yakiwa kwenye treni, na sehemu ya chini ya nyuso, mdomo na kidevu, ikiwa kwenye mabati mteremkoni chini ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta chache, macho yakakutana na mdomo wake na mtu akakamilika.

Hilo la treni ndilo lililopendwa na magazeti. Mimi nakaa kwenye mapaa. JR angeweza kutumia karatasi, kama alivyofanya miji mingine, lakini karatasi haizuii mvua. Alitumia turubai la plastiki. Mabati ya Kibera yalikuwa yanavuja, na uso wa mwanamke uliobandikwa juu ulikuwa pia paa la pili. Watu wakaziacha pale. Inawezekana kabisa kumlaumu msanii huyo: alikuja, akapiga, akaondoka, na picha za angani zikawafikia watu wa Paris kabla ya watu wa mtaa wa pili, kwa kuwa aliyeko chini hawezi kuona paa lake. Lakini wanawake wale walijulikana pale kwa majina na kwa nyumba zao, na kila aliyeishi jirani aliweza kusema huyu ni nani. Na picha ilileta kitu kilichoweza kupimwa siku ya mvua.

Nikirudi Kinyangiri na haya yote, sioni sababu ya kuchora ukutani sura ya Wangari, ingawa nampenda, wala tembo. Sitaki pia yale mabango ya mkulima wa mfano anayecheka katikati ya alizeti, mtu asiye na jina aliyepigwa picha wilaya nyingine. Ningependa kwanza zile picha za miaka ya 1910 na 1930 ziletwe, zichapwe kwa ukubwa wa kutosha wazee wasiosogeza macho, zipelekwe kijiji kwa kijiji huku Mkalama na kwa Wahadzabe, na kila uso uulizwe kwao. Wengine watakosa jibu, maana waliowajua wamekwisha. Mmoja akipata ukoo wake, lile pori lililo nyuma yake linakuwa mahali fulani, shamba la fulani, kisima cha fulani, na mjukuu wake anaweza kusimama pale pale na kusema palikuwa na mti gani.

Kisha walio hai. Vijiji vyetu vina kamati za maji na kamati za mazingira, zenye wajumbe wanaume na wanawake, na kazi yao haionekani mpaka ikwame. Chora sura ya mwenyekiti wa kamati ya maji kwenye tangi la kijiji, kubwa, na jina lake kamili na la baba yake. Tangi likijaa, sifa ni zake. Likikauka, kila anayepita na ndoo tupu atamwona, na anajua anapokaa. Sura namna hiyo haifanani na ile ya ofisini, kwa sababu mwenyewe anapatikana jioni. Itabidi aombwe ruhusa, na iandikwe kwamba siku akiondoka kwenye kamati picha inafutwa, si na yeye, na aliyechaguliwa baada yake.

Nililipeleka wazo hili kwa mjumbe mmoja wa kamati ya namna hiyo, mama wa makamo, baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hana neno, achorwe tu, ila aanze kuchorwa anayekaa na ufunguo wa pampu.